Tarakilishi Ikikataa Kuamka: Namna ya Kurejesha Faili za Kuamshia Bila Kupoteza Kazi

Ikisiri

Makala hii inanuia kumwelekeza mwanafunzi wa kawaida, asiyekuwa fundi, kuhusu jinsi ya kushughulikia tarakilishi ambayo haiamki kwa sababu faili za kuamshia hazipatikani. Hoja yetu kuu ni kwamba hitilafu hii aghalabu huwa ndogo kuliko inavyoonekana, na kwamba hasara kubwa huletwa na tiba ya pupa wala si na ugonjwa wenyewe. Tutaeleza maana ya ujumbe unaojitokeza kwenye kiwambo, safari ambayo tarakilishi huipitia inapoamka, vyanzo vya hitilafu, na hatimaye utaratibu wa kuitibu, ambao ni kuangalia, kuokoa, kurejesha, na mwisho kabisa kufomati.

1.0 Utangulizi

Enzi za Windows XP, mwenzetu mmoja wa mwaka wa nne aliwasha tarakilishi yake zikiwa zimesalia wiki mbili awasilishe tasnifu. Alikuwa amekusanya ngano kutoka kwa wazee wa kijijini kwao, akazinukuu na kuzichanganua kwa muda wa miezi minane. Asubuhi hiyo, badala ya picha aliyoizoea, kiwambo kilibaki cheusi, kikiwa na mstari mmoja tu wa maandishi meupe: "NTLDR is missing". Akaipeleka mashine kwa fundi mjini. Fundi aliitazama kwa dakika mbili, akatangaza kwamba "Windows imekufa", akaifomati diski kuu, akaweka mfumo mpya, akalipwa ujira wake. Tarakilishi ilirudi ikiwa nzima, lakini tasnifu haikurudi. Daftari alizonukuu mwanzoni zilikuwa na nusu tu ya ngano zile, na mmoja wa wazee waliomsimulia alikuwa amekwisha kufariki.

Baadaye tuligundua jambo lililotuuma zaidi. Faili iliyokosekana ilikuwa moja, yenye ukubwa wa yapata robo ya megabaiti, na nakala yake ilikuwa katika CD ile ile ambayo fundi aliitumia kuweka mfumo mpya. Ingaliweza kurejeshwa kwa amri moja, na tasnifu isingaliguswa.

Kisa hiki ndicho kilichotusukuma kuandika makala hii. Mwanafunzi wa Kiswahili wa leo huandika mashairi, ripoti na tasnifu zake katika tarakilishi au kipakatalishi. Si lazima awe fundi, lakini inampasa ajue angalau mambo ya kumkataza fundi asiyafanye.

2.0 Ujumbe na maana yake

Tuanze na lugha, kwa kuwa hapo ndipo wengi wetu hupotea. Juhudi za kuipa tarakilishi Kiswahili si za jana. Mnamo 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Microsoft nayo ikatoa vifurushi vya kuvipa Windows na Office sura ya Kiswahili. Hata hivyo, Kiswahili hicho kimo ndani ya mfumo endeshi na programu zake. Mfumo usipoamka, nacho hakiamki. Ujumbe wa hitilafu tunaouzungumzia hutolewa kabla ya mfumo kuanza, na maneno yake yameandikwa katika sehemu ndogo sana ya mwanzo wa diski. Hii ndiyo sababu mashine inapougua husema Kiingereza, hata ile ambayo huzungumza Kiswahili ikiwa na afya.

Mtu akiuona ujumbe huo hukimbilia kuufasiri kwa neno "imepotea", na neno hilo humtia hofu. Lakini tukichunguza kile ambacho mashine imefanya, tutaona kwamba tafsiri iliyo sahihi zaidi ni "haijaonekana". Mashine imekwenda mahali ilipoelekezwa, ikatafuta faili fulani, isiione. Haijasema kwamba faili imefutwa. Haijasema kwamba diski imekufa. Wala haijasema lolote kuhusu tasnifu yako. Kati ya "imepotea" na "haijaonekana" pana tofauti kubwa: neno la kwanza linamwita mtu aomboleze, la pili linamwita atafute.

Mfano wa karibu ni huu. Mgeni akifika nyumbani kwako usiku, abishe mlango, naye mwenye ufunguo asipatikane, hatuwezi kusema kwamba nyumba imeungua na mali yote iliyomo imeteketea. Kilichokosekana ni ufunguo. Hakuna mwenye busara atakayeibomoa nyumba kwa sababu hiyo.

3.0 Safari ya kuamka

Ili tuelewe ni nini kilichokosekana, yatupasa kutenga maana za maneno mawili ambayo hutumiwa kama visawe: kuwasha na kuamka. Kuwasha ni tendo la mtu. Anabonyeza kitufe, umeme unaingia. Kuamka ni kazi ya mashine yenyewe, nayo ni safari ya hatua kadhaa zinazofanana na mbio za kupokezana kijiti. Kila mkimbiaji ana kazi ndogo, na kazi yake ya mwisho ni kumtafuta anayemfuata na kumkabidhi kijiti. Kwa sababu hiyo, katika makala hii faili zinazohusika tunaziita faili za kuamshia.

Katika tarakilishi za mtindo wa zamani, mkimbiaji wa kwanza ni programu ndogo iitwayo BIOS, ambayo hukaa katika chipu ya bodi kuu wala si katika diski. BIOS hukagua viungo vya mashine, kisha hutazama orodha ya vifaa inavyoweza kuamkia, kama vile CD, flashi au diski kuu, kwa mfuatano uliopangwa. Ikifika kwenye diski kuu, husoma sekta ya kwanza kabisa, yenye baiti 512. Ndani ya baiti hizo, 446 ni za maelekezo ya kuamsha, 64 ni jedwali linaloonyesha jinsi diski ilivyogawanywa, na 2 za mwisho ni alama ya uthibitisho. Maelekezo hayo huitafuta sehemu ya diski iliyotiwa alama ya kuwa hai, na sekta ya mwanzo ya sehemu hiyo ndiyo humtafuta mkimbiaji anayefuata.

Katika Windows XP, mkimbiaji huyo ni faili ya NTLDR. Yeye husoma faili ya boot.ini ili ajue mfumo uko wapi, humtuma NTDETECT.COM akague vifaa, kisha hukipakia kiini cha mfumo. Kuanzia Windows Vista ya mwaka 2007, NTLDR alistaafishwa na nafasi yake ikachukuliwa na BOOTMGR, ambaye husoma hifadhi ya maelekezo iitwayo BCD badala ya boot.ini. Ndiyo maana ujumbe wa mashine za baadaye ni "BOOTMGR is missing".

Tarakilishi nyingi za kisasa zimeiacha BIOS na kutumia UEFI. Hapa sekta ya kwanza haitegemewi tena kwa maelekezo. Badala yake, diski huwa na sehemu ndogo iliyofichwa, yenye muundo wa FAT32, na ndani yake mna folda ya EFI yenye faili za kuamshia. Sehemu hii huwa na ukubwa wa megabaiti mia moja au mia kadhaa tu.

Msomaji atazame mahali ambapo kijiti huanguka. Katika hatua zote tulizozitaja, hakuna hata moja iliyogusa folda ya hati zako. Tasnifu imelala mahali pengine kabisa kwenye diski. Huo ndio msingi wa makala hii yote.

4.0 Vyanzo vya hitilafu

Vyanzo ni vingi, lakini vinavyokutwa mara kwa mara ni hivi vifuatavyo.

Kwanza, mashine inatafuta mahali pasipofaa. Flashi iliyosahauliwa kwenye tundu lake, au disketi katika tarakilishi kongwe, huweza kuifanya mashine iamkie huko na kulalamika kwamba haioni faili. Chanzo hiki ni chepesi mno, nacho ndicho kinachoaibisha zaidi kikigunduliwa baada ya diski kufomatiwa.

Pili, betri ndogo ya bodi kuu imeisha. Betri hii ya umbo la sarafu, ambayo mara nyingi ni ya aina ya CR2032 yenye volti 3, hutunza saa na mipangilio. Ikiisha, mfuatano wa vifaa vya kuamkia huweza kubadilika. Dalili yake ni saa ya tarakilishi kurudi nyuma miaka mingi kila umeme unapokatwa.

Tatu, umeme umekatika ghafla wakati mfumo ulipokuwa ukiandika kwenye diski. Sisi tunaoishi na umeme wa kukatika-katika hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Nne, mkono wa mwenyewe. Mtumiaji hufungua faili zilizofichwa, akaona majina asiyoyafahamu, akadhani ni virusi, akayafuta. Wengine huamuru mfumo ubane diski nzima ili wapate nafasi. Faili ya kuamshia ikibanwa haisomeki, na ujumbe huwa "NTLDR is compressed" au "BOOTMGR is compressed".

Tano, virusi, au programu ya kupambana na virusi iliyofuta zaidi ya ilichopaswa kufuta.

Sita, diski yenyewe inakufa. Hiki ni chanzo ambacho kinaitia kazi yako hatarini moja kwa moja. Dalili zake ni sauti ya kugonga-gonga, uzito usio wa kawaida siku za nyuma, na faili zilizoanza kukataa kufunguka.

5.0 Utaratibu wa tiba

5.1 Kuangalia

Zima mashine. Chomoa flashi, kadi na disketi zote, kisha iwashe tena. Ikiwa bado haiamki, ingia kwenye mipangilio ya BIOS au UEFI na uangalie mambo mawili: je, diski kuu inatajwa katika orodha? Na je, iko ya kwanza katika mfuatano? Isipotajwa kabisa, tatizo si faili, bali ni diski au waya wake. Katika tarakilishi ya mezani, waya uliolegea huweza kukazwa na mambo yakaisha.

Sikiliza pia. Diski inayogonga-gonga izimwe mara moja na isiwashwe tena kwa majaribio, kwa maana kila kuwasha huongeza madhara. Kazi iliyomo ikiwa ni ya thamani, atafutwe mtaalamu wa kuokoa data.

5.2 Kuokoa

Kabla ya kujaribu ukarabati wowote, toa nakala ya kazi yako. Njia ziko tatu.

Njia ya kwanza ni kutumia mfumo wa Linux unaoamka kutoka kwenye flashi, mathalani Ubuntu. Flashi hiyo hutayarishwa katika tarakilishi nyingine. Ukiwasha mashine yako, bonyeza kitufe cha kuchagua kifaa cha kuamkia. Katika mashine za HP huwa Esc au F9, na katika za Dell na Lenovo aghalabu huwa F12. Teua flashi, kisha uchague kuujaribu mfumo bila kuuweka. Chaguo hili ni muhimu, kwani la kuuweka huweza kuifuta diski. Diski yako itaonekana kama folda ya kawaida, nawe utanakili hati zako kwenye flashi ya pili.

Njia ya pili ni kuichomoa diski na kuiunganisha na tarakilishi nyingine kwa waya wa USB uliotengenezewa kazi hiyo.

Njia ya tatu inawafaa wenye flashi ya kuwekea Windows. Ukifika kwenye kidirisha cha amri, ambacho tutakieleza hapa chini, andika notepad. Ukiamuru programu hiyo ifungue faili na ionyeshe faili za aina zote, utapata dirisha ambalo ndani yake unaweza kunakili folda kutoka kwenye diski hadi kwenye flashi.

Tahadhari moja: vipakatalishi vingi vya kisasa hufunga diski kwa BitLocker. Utahitaji ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi huhifadhiwa katika akaunti yako ya Microsoft. Utafute leo, mashine ikiwa nzima.

5.3 Kurejesha

Kazi ikishaokolewa, sasa tunaweza kutibu bila mikono kutetemeka.

(a) Windows XP. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014, lakini anayekutana nayo katika tarakilishi kongwe afanye hivi. Amsha mashine kwa CD ya XP, ubonyeze R ili uingie katika kidirisha cha urejeshaji, uchague mfumo wako kwa nambari yake na uandike nywila ya msimamizi. Ikiwa CD iko kwenye D, andika amri hizi, moja baada ya nyingine:

copy d:\i386\ntldr c:\
copy d:\i386\ntdetect.com c:\

Hizo mbili hurejesha faili zilizokosekana. Ikiwa boot.ini ndiyo yenye kasoro, amri ya bootcfg /rebuild huiunda upya. Amri ya fixboot huandika upya sekta ya kuamshia.

(b) Windows 7 na zilizofuata, katika mashine za BIOS. Tayarisha flashi ya kuwekea Windows katika tarakilishi nyingine. Kwa Windows 10 na 11 inatakiwa iwe na angalau gigabaiti 8. Amsha mashine kwayo, lakini usibonyeze kitufe cha kuweka mfumo. Teua chaguo lenye neno "Repair", kisha ufuate vidirisha mpaka ufikie "Startup Repair". Huu ni ukarabati ambao mashine hujifanyia yenyewe, na mara nyingi hutosha. Usipotosha mara ya kwanza, urudie mara moja au mbili, kisha ufungue "Command Prompt", yaani kidirisha cha amri, na uandike:

bootrec /fixmbr
bootrec /fixboot
bootrec /rebuildbcd

Amri hizi hutengeneza sekta za kuamshia na hifadhi ya BCD. Hata hivyo, haziileti faili ya BOOTMGR yenyewe ikiwa imefutwa. Inayoileta ni bcdboot, ambayo hunakili faili zote za kuamshia kutoka ndani ya folda ya Windows.

(c) Mashine za UEFI. Hapa bcdboot ndiyo tiba hasa. Kwanza ipe sehemu iliyofichwa herufi. Katika kidirisha cha amri andika:

diskpart
list volume

Orodha itajitokeza. Tafuta sehemu ndogo yenye muundo wa FAT32. Angalia usiichanganye na flashi yako, ambayo huenda nayo ikawa FAT32. Ukubwa ndio utakaozitofautisha. Angalia pia ni herufi gani iliyopewa sehemu yenye Windows, kwani katika hali hii si lazima iwe C. Tuchukulie kwamba sehemu ndogo ni nambari 2, na Windows iko kwenye C. Endelea hivi:

select volume 2
assign letter=S
exit
bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Ukijibiwa kwamba faili zimeundwa, chomoa flashi na uiwashe mashine upya. Ndani ya diskpart mna amri za clean na format. Amri hizo mbili hufuta, nawe huna haja nazo kabisa katika kazi hii.

Ikiwa mashine imeamka, kagua diski kwa amri ya chkdsk C: /r. Tumeiacha mpaka hapa kwa makusudi. Amri hii huichosha diski, na diski iliyo dhaifu huweza kufa ikiwa katikati ya kukaguliwa.

5.4 Kufomati

Kufomati kuna mahali pake. Virusi vikiwa vimeenea, au faili nyingi za mfumo zikiwa zimeharibika, kuweka mfumo upya huwa njia fupi. Tunachokataa ni kulifanya jambo la mwisho kuwa la kwanza. Ukimpelekea fundi mashine, mwandikie kwenye karatasi: "Usifomati kabla ya kutoa nakala ya hati zangu nami nikaziona." Fundi mwema hatachukia. Anayechukia amekuonyesha kwamba umfuate mwingine.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba tarakilishi inayolalamika kuhusu faili za kuamshia imekosa kitu kidogo mwanzoni mwa safari yake, na kwamba kazi ya mwenyewe kwa kawaida ingali salama mahali pake. Tumeona pia kwamba mpangilio wa tiba ndio unaoamua iwapo kazi hiyo itabaki salama: kuangalia, kuokoa, kurejesha, kisha kufomati ikibidi. Wahenga walisema kwamba haraka haraka haina baraka, na sijui kama kuna mahali ambapo methali hii inasadikika upesi zaidi kuliko mbele ya kiwambo cheusi wiki mbili kabla ya tasnifu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla hujaifunga nakala hii ya jarida, inakili tasnifu yako mahali pawili zaidi: kwenye flashi isiyokaa pamoja na tarakilishi, na katika hifadhi ya mtandaoni au barua-pepe yako mwenyewe. Aidha, tunapendekeza kila tawi la chama chetu liwe na flashi moja ya Linux na moja ya kuwekea Windows, zilizokwisha kujaribiwa, azikabidhiwe mwanachama anayejulikana. Gharama yake ni ndogo, na wazee wanaotusimulia ngano hawatakuwapo kila tunapohitaji kuwarudia.